Ufunguo wa Umeme Mkubwa

Rangel hakuweza kutulia. Tangu arudi kutoka hospitali ya Plovdiv mwezi wa nne, na kile kidude cha kumpangia mapigo ya moyo kikiwa kimeshonewa chini ya ngozi karibu na bega, hapakuwa na kiti cha nyumbani kwake kilichomfaa. Atakaa, atasimama, ataenda dirishani kutazama ng'ambo ya ua, atarudi, atafungua redio, ataifunga. Mkewe, Velika, alisema zulia la ukumbini limechakaa majira haya kuliko miaka yote watoto wao walipokuwa wakikimbia juu yake.

Ng'ambo ya ua, chini ya mzabibu, palikuwa na jiko la kiangazi, na humo jikoni hakikupikwa chochote tena. Meza yote ilikuwa imeliwa na amplifaya, mtambo wa kukuza sauti. Rangel alikuwa ameianza miaka miwili kabla ya kuugua, kwa taa mbili kubwa za mtambo wa kurushia matangazo, alizopewa siku kilipofungwa kituo cha redio alichofanyia kazi tangu ujana. Hizi si zile taa ndogondogo za redio ya bibi. Kila moja ilikuwa kubwa kama tikiti maji dogo, kioo kitupu chenye vyuma tumboni, na ikiwashwa inaangaza chumba kizima. Ziliundwa kurusha matangazo mpaka nchi za watu. Rangel alitaka zikae mezani kwake zisukume spika mbili, ziimbe.

Wenye wazimu wa namna hii wako wengi Bulgaria, na kila Septemba hukutana kwenye ukumbi wa utamaduni wa Karlovo, mji wa Rangel mwenyewe, kila mmoja na mzigo wake, wasikilizane na kuchambuana. Mkubwa wao kwa ulimi alikuwa Gancho, aliyekuwa zamu moja na Rangel kituoni, fundi wa amplifaya ndogo zenye sauti tamu. Gancho alikuwa na wimbo wake mmoja. Taa ya kurushia matangazo ni fahali, alisema. Utamfundisha kulima, lakini kuimba hatafundishika. Alisema hivyo harusini, alisema msibani, na alisema hivyo hata alipokwenda kumwona Rangel hospitali na chupa ya juisi ya pichi.

Kwa hiyo Rangel alitaka taa zake zisikike Septemba hii. Si ya mwakani. Kuhusu mwakani daktari hakusema neno, na mtu akishawekewa kidude kifuani hujifunza kusikia hata yale ambayo daktari hakuyasema. Alichosema daktari kilikuwa kingine, na alikisema mara mbili ili mgonjwa asijifanye kiziwi: asisogelee transfoma kubwa, na umeme mkubwa auage kabisa. Amplifaya ile ilikuwa na transfoma za kubebwa na watu wawili, na umeme wa volti elfu mbili na ziada.

Basi ikabidi mikono iwe ya mtu mwingine, na nyumbani walikuwa wawili tu.

Velika alikuwa ameshona mashati kiwandani mpaka akastaafu, na kuhusu umeme alijua kulipa bili. Alikubali, lakini kwanza alimkalisha mumewe akamuuliza: kule kituoni mlikuwa mnafanyaje ili msife? Rangel akamweleza. Mkono mmoja hukaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kabla hujagusa kitu unachukua fimbo yenye ndoana ya shaba, iliyofungwa waya wa kwenda ardhini, unaiangika kwenye kapasita, na unaiacha hapohapo mpaka umalize, kwa sababu kapasita ni mnafiki, hushika umeme hata baada ya mtambo kuzimwa. Na juu ya yote, ufunguo. Swichi ya umeme mkubwa ina kufuli, na ufunguo wake ni mmoja. Anayeingiza mikono ndani ya mtambo huuchukua akauvaa shingoni. Ukiwa shingoni mwake, hakuna binadamu duniani anayeweza kumwashia.

"Na nani anakaa kwenye swichi?" Velika aliuliza.

"Mtu unayemwamini. Huyo ndiye anayebeba roho ya mwenzake."

Velika akasema vizuri, nitilie kufuli hilo. Rangel akafunga swichi nyumbani, ukutani kando ya dirisha la ukumbini, mbali kama daktari alivyotaka, na waya mnene ukavuka ua chini ya mzabibu. Velika akautia ufunguo kwenye uzi mweusi wa kushonea vifungo vya makoti, akauvaa, akawa anakwenda nao hata sokoni.

Ukawa msimu wa kelele. Rangel dirishani, Velika jikoni, ua katikati. Mume alikuwa akielekeza, mke akilehemu, na majirani wote wa mtaa wakajua rangi ya kila waya. Sevda, jirani wa ukuta mmoja, aliwauliza kama wanajenga au wanaachana. Velika alimjibu kwamba bado hawajaamua.

Ila kilichomkera Rangel hakikuwa kelele. Kazi ya mkewe ilikuwa safi. Waya zake zilikaa sawa kama mshono wa kola, na kila alipotazama picha alizompigia Velika kwa simu kuonyesha kazi ya siku, alitafuta kosa na hakuliona. Alifurahi, na aliona wivu, na hakujua jinsi viwili hivyo vilivyokaa kifua kimoja pamoja na kile kidude. Hiyo ilikuwa amplifaya yake. Usiku aliiota mikononi mwake mwenyewe.

Agosti ikafika mwishoni, kazi ikaisha, ikabaki kungoja. Taa zilizolala ghalani miaka mingi haziamshwi kwa fujo. Unaziwasha moto wake mdogo tu, bila umeme mkubwa, unaziacha ziwake siku tatu mfululizo, mpaka chuma cha ndani kimeze hewa iliyojipenyeza. Ukizipa umeme mkubwa mapema, radi inapiga ndani ya kioo, na taa imekwisha. Rangel ndiye aliyemfundisha Velika jambo hilo. Sasa Velika akalishika, na mwenyewe akawa hawezi kulivumilia. Kutwa nzima alikuwa dirishani akitazama zile taa zikiwaka ng'ambo, zimeiva, nzuri, zimenyamaza.

"Dakika moja tu," alisema wakati wa chakula. "Nisikie kama zinanguruma. Halafu nazima."

"Subira yavuta heri, mzee."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi kunywa supu, tumbo lipoe," Velika alisema, akamjazia bakuli.

Kesho yake Velika alipokuwa akioga, ufunguo ukiwa umeangikwa msumarini nje ya mlango, Rangel aliuchukua, akavaa viatu, akaenda kwa mchonga funguo wa kituo cha mabasi, hatua chache kutoka langoni. Aliurudisha kabla hajaulizwa. Alijiambia ni wa akiba, huu wa kwanza ukipotea tutafanyaje. Rangel huyuhuyu, alipokuwa mkuu wa zamu, alimfukuzisha kazi fundi kijana kwa kukutwa na ufunguo wa pili wa mtambo, na alisimama mbele ya kamati akaeleza kwa sauti kavu kwamba ufunguo wa pili ni bunduki iliyosahauliwa risasi ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwake ulikaa kwenye mfuko wa kizibao, na kila alipopita mbele ya swichi vidole vyake viliushika.

Siku ya pilipili ikafika. Wiki ile mji mzima wa Karlovo huchoma pilipili nyekundu kwa ajili ya majira ya baridi. Kila ua una kichomeo chake cha umeme, moshi mtamu unatanda, na umeme wa mtaa unazirai. Velika na Sevda walikuwa wamepanga kuchoma pamoja kwa Sevda, gunia zima, kazi ya kutwa. Velika aliondoka asubuhi na aproni yake na kisu kidogo, akamwambia Rangel asiguse kitu, naye akasema atagusa nini.

Alibaki na zulia lake. Kando ya swichi kulikuwa na mita ya kupimia nguvu ya umeme wa nyumba, na asubuhi yote aliitazama sindano yake ikining'inia chini kwa sababu ya vichomeo vya watu. Kila alipopiga hatua chache alirudi kuitazama tena. Saa ya chakula watu wakazima vichomeo, wakaketi mezani mtaa mzima, na sindano ikapanda taratibu mpaka ikasimama pale inapotakiwa. Ng'ambo taa zilikuwa zinawaka nyuma ya kioo cha dirisha la jikoni. Umeme umejaa, mke hayupo, taa zimeshawaka siku mbili na kidogo. Rangel alijua kwamba siku mbili na kidogo si siku tatu. Alijua vilevile methali zote za haraka, kama sisi sote tunavyozijua, na zimemzuia nani?

Alitia ufunguo, akauzungusha, akasukuma swichi.

Kilipiga kishindo kimoja. Dirisha la jiko likaangaza bluu, nyumba ikawa kimya, hata friji ikaacha kunguruma. Rangel alisimama na mkono juu ya swichi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, lilikuwa: taa yangu. Aliilaani pupa yake, akaililia ile taa, akaanza kuhesabu ni nani Bulgaria nzima angeweza kumuuzia nyingine kabla ya Septemba.

Kisha nyuma ya kioo cha jiko la kiangazi, kutoka chini ya meza, alisimama Velika.

Rangel hakukumbuka kuvuka ua. Alijikuta mlangoni, mkono kifuani, pumzi hana. Jikoni palinuka nywele zilizoungua. Velika alikuwa ameegemea ukuta, ameukunja mkono wa kushoto, na aproni yake ilikuwa na doa la pilipili lililompa Rangel mshtuko wa pili. Alikuwa amerudi, Rangel akiwa ameikazia macho mita, kuchukua mitungi ya kutilia pilipili, ile iliyowekwa chini ya meza. Akiwa pale aliona waya mmoja wa kapasita umelegea kidogo. Angeuacha? Hakuweza kuuacha, na alikuwa na ufunguo shingoni. Aliangika fimbo ya ndoana kama alivyofundishwa, akaingiza mkono. Umeme wote ulioletwa na Rangel ukapita kwenye ndoana ile ukaenda ardhini, fyuzi zikapasuka, na cheche zikambabua Velika mkono kuanzia kifundo mpaka kiwiko, vinyweleo tu na ngozi ya juu. Ndoana ilikuwa imeyeyuka ncha.

Velika aliushika uzi wa shingoni. Ufunguo ulikuwapo.

"Nani kawasha?"

"Mimi."

"Kwa ufunguo gani?"

Rangel alifungua kiganja. Alikuwa amevuka nao ua bila kujua.

"Kumbe ziko mbili," Velika alisema. Akainama, akakusanya mitungi yake, minne mkono mmoja, akatoka akaenda kwa Sevda kumalizia pilipili.

Hakumtukana. Rangel aliomba amtukane. Velika alirudi jioni akinuka moshi, akampa chakula, akamuuliza kama amekunywa dawa. Siku zilizofuata alisema naye mambo ya mkate, ya maziwa, ya simu ya mtoto wao aliyeko Varna, na hayo tu. Usiku alilala upande wake, mkono uliofungwa bandeji juu ya blanketi. Rangel aliuona mkono ule hata akifumba macho. Kutembea kwake kukazidi. Sasa hakwenda dirishani, alilizunguka dirisha. Taa zake zilikuwa nzima, wala hazikuguswa, na uzima wao ulimchoma zaidi kuliko zingepasuka.

Asubuhi moja alichukua bisibisi, akaingia jiko la kiangazi, umbali wa daktari akautupa. Mtambo ulikuwa umezimwa na fyuzi hazikuwepo. Alikuwa ameshalegeza skrubu kadhaa Velika alipotokea mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Naivunja."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako? Nionyeshe waya mmoja humu ulioushika wewe tangu mwezi wa nne."

"Nilianza mimi, Velika."

"Ulianza. Hata watoto ulianza wewe, nikabeba mimi."

Rangel aliweka bisibisi mezani. "Ningekuua," alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi unaitakia nini?"

Velika alivuta kiti kirefu cha jikoni akakaa, si karibu naye sana. Alisema aliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, na kwamba kila usiku anauhisi ule mwanga wa bluu usoni. Akiiacha hivi, alisema, ataogopa hata pasi ya nguo, naye hana mpango wa kuvaa mikunjo. Kisha akamtazama.

"Na wewe unataka kuivunja ili usiione. Hapana, mzee. Utaiona."

Alinyoosha mkono ule wenye bandeji. Rangel akatoa ufunguo wake wa pili, akauweka kiganjani pake. Velika akamwambia yaliyobaki kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetuma mtu dukani: fyuzi atazirudisha yeye Velika, ataziwasha taa upya tangu mwanzo, siku zote tatu na ya nne juu yake, na umeme mkubwa atauwasha yeye mwenyewe akiwa ameshahesabu mikono yake yote miwili. Septemba ataipeleka ukumbini. Rangel atabaki nyumbani.

"Nibaki?"

"Ubaki. Sitaki kuwa na kazi ya kukuchunga mbele za watu."

Rangel alimsogezea bisibisi.

Aliisikia ikiwashwa mara moja tu kabla ya siku yenyewe, akiwa ukumbini, madirisha yote mawili yamefungwa. Velika alisukuma swichi, akavuka ua; Rangel akasikia mngurumo mdogo, kisha muziki ambao hakuweza kuupambanua, kisha ukakatika. Velika aliporudi ndani hakumwambia ilikuwaje, naye akajizuia kuuliza, na kujizuia kule kulimtoa jasho.

Jumamosi ya mkutano wa ukumbini Gancho alikuja na gari la mizigo na wanaume watatu. Waliibeba ile amplifaya wakiguna, taa zimefungwa kila moja kwenye mto wake wa kulalia. Gancho alimwona Rangel amesimama barazani na ndara.

"Kaka, hujavaa? Fahali anaondoka, mwenyewe anabaki?"

Rangel alifungua mdomo, lakini Velika alimtangulia. Alisema daktari hataki, spika kubwa hazimfai moyo wake, na Gancho aache maneno ashike upande wa transfoma. Gancho akasikitika kwa kweli, akamgonga Rangel begani, bega lile zima, akapanda gari. Kwa hiyo Gancho hakujua, na Sevda hakujua, na daktari hakujua. Velika hakuwa amemwambia mtu.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Rangel alizunguka nyumba, akazunguka ua, akaenda mpaka lango la barabarani na kurudi, akaingia jiko la kiangazi akaona meza tupu yenye alama nne za miguu ya mtambo, akatoka. Aliisafisha simu kwa kitambaa cha mkono. Alihakikisha ina chaji. Ilipolia aliidondosha, akaiokota, akaiweka sikioni kinyume, akaigeuza.

Nyuma ya sauti ya Velika kulikuwa na watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

"Imeimba," Velika alisema.

"Imeimbaje?"

"Waliweka santuri ya wanawake wa milimani, wawili tu, hakuna ngoma hakuna nini. Nilisikia mmoja anavuta pumzi kabla ya kuanza. Nilidhani yuko nyuma yangu, nikageuka."

Rangel alishika ukingo wa meza. "Na Gancho?"

"Alikaa kimya. Halafu akaomba irudiwe. Mara ya pili akatoka nje kuvuta sigara, na huyo alikuwa ameacha sigara."

Rangel alicheka, na kicheko kikamwishia katikati. Furaha ilimpanda mpaka kooni na ikamkuta aibu imeketi pale. Nyuma ya Velika watu wakaendelea na kelele zao.

"Waliuliza nani kaijenga," Velika alisema. "Nikasema mimi."

"Umesema kweli."

"Wakauliza, na Rangel? Nikawaambia mume wangu alikuwa kwenye swichi."

Masikio ya Rangel yalimwaka moto.

"Wamesimama, Rangel. Ukumbi mzima, wamekupigia makofi. Wamesema mtu wa kwenye swichi ndiye anayebeba roho ya mwenzake, na kwamba mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikapiga makofi na wenzangu, ningefanyaje," Velika alisema. "Pilipili ziko kwenye bakuli la kijani, na mkate upo. Kula, usinisubiri, tutachelewa."